Ivar Aasen na Ujenzi wa Lugha Andishi: Kinorwe Kikilinganishwa na Kiukraina

1.0 Utangulizi

Ivar Andreas Aasen (1813–1896) ni miongoni mwa wanaisimu wachache ambao kazi yao haikuishia katika kuieleza lugha, bali ilizaa lugha andishi inayotumika hadi leo. Makala hii inayaeleza maisha yake kwa kuyalinganisha na historia ya Kiukraina, ambacho nacho kilijengwa kimaandishi katika karne ya 19. Kinasaba, lugha hizi ziko mbalimbali ndani ya jamii ya lugha za Kihindi-Ulaya: Kinorwe ni cha tawi la Kijerumaniki cha kaskazini, na Kiukraina ni cha tawi la Kislavi cha mashariki. Kinachozikutanisha ni hali ya kijamii. Kila moja iliishi katika kivuli cha lugha andishi ya jirani iliyofanana nayo sana, yaani Kideni kwa upande mmoja na Kirusi kwa upande wa pili. Na kila moja ilihesabiwa na wengi kuwa ni lahaja tu. Swali linalozuka ni hili: je, ubora wa uchambuzi wa kiisimu unatosha kuipatia lugha andishi nafasi katika jamii?

2.0 Malezi na Elimu

Aasen alizaliwa tarehe 5 Agosti 1813 huko Ørsta, katika eneo la Sunnmøre, magharibi mwa Norwe. Wazazi wake walikuwa wakulima wadogo. Mama yake alifariki Aasen akiwa bado mtoto, na baba yake akafariki mwaka 1826. Alilelewa katika kazi za shamba huku akijisomea kila alipopata nafasi. Mwaka 1831, akiwa na umri wa miaka 18, alianza kufundisha watoto wa parokia yake. Kuanzia mwaka 1833 alipata mafunzo, ikiwamo misingi ya Kilatini, kwa kasisi Hans Conrad Thoresen huko Herøy. Baadaye akawa mwalimu wa nyumbani wa familia moja huko Solnør. Hakupata kusoma chuo kikuu.

Mwaka mmoja baada yake, 1814, alizaliwa Taras Shevchenko katika kijiji cha Moryntsi, Ukraina. Huyu naye alikuwa mtoto wa mashambani aliyefiwa na wazazi mapema, lakini tofauti ni kubwa: Aasen alizaliwa huru, ilhali Shevchenko alizaliwa mtwana na akakombolewa kwa fedha mwaka 1838. Tofauti hii ya hali ya wakulima ni muhimu katika kuelewa yaliyofuata.

3.0 Utafiti na Mbinu

Norwe ilitengana na Denmaki mwaka 1814 na kuingia katika muungano na Uswidi uliodumu hadi 1905. Hata hivyo, Kideni kiliendelea kuwa lugha ya maandishi. Mwaka 1836 Aasen aliandika insha fupi akipendekeza kwamba lugha andishi ya taifa ijengwe juu ya lahaja zote zikilinganishwa, pasipo kuitukuza lahaja moja. Mwaka 1841 alikwenda Bergen na sarufi ya lahaja ya kwao, akamwonyesha askofu Jacob Neumann. Kutokana na hatua hiyo, jumuiya ya kisayansi ya Trondheim ilimpa ufadhili, naye akazunguka nchini kukusanya data kati ya mwaka 1842 na 1846. Matokeo yake yalikuwa sarufi ya mwaka 1848 na kamusi ya mwaka 1850 yenye takriban maneno 25,000. Sarufi ya mwaka 1864 na kamusi ya mwaka 1873 ndizo zilizokamilisha usanifishaji wa lugha aliyoiita Landsmaal.

Mbinu yake ilikuwa ya isimu linganishi. Pale lahaja zilipotofautiana, alipendelea umbo lililokaribiana na Kinorwe cha Kale na lililoweza kueleza maumbo mengine. Hivyo alidumisha irabu unganifu katika maneno kama stein (jiwe) na draum (ndoto), ambayo kwa Kideni ni sten na drøm. Alihifadhi jinsia tatu za nomino na kuepuka viambishi vingi vilivyoingia kutoka Kijerumani kwa njia ya Kideni. Aliandika hata konsonanti zisizotamkwa na wasemaji wengi, ili nasaba ya neno ionekane.

Kiukraina kilifuata njia nyingine. Tangu Eneida ya Ivan Kotliarevsky ilipochapishwa mwaka 1798, na Kobzar ya Shevchenko mwaka 1840, msingi wake ulikuwa lahaja za eneo la kati la mto Dnipro, zikikuzwa na fasihi kabla ya sarufi. Tahajia ya Panteleimon Kulish, aliyoitumia katika kitabu chake cha kufundishia kusoma cha mwaka 1857, ilielemea matamshi kuliko nasaba. Hapa pia mabadiliko ya irabu yalikuwa ushahidi wa upekee wa lugha: irabu o ya zamani iligeuka i katika silabi funge, ndiyo maana usiku ni nich kwa Kiukraina na noch kwa Kirusi.

4.0 Lugha na Dola

Mamlaka za nchi hizo mbili zilizipokea lugha hizi kwa namna zinazopingana. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1850 Aasen alipata posho ya serikali, akaishi Christiania, mji unaoitwa leo Oslo, akifanya utafiti wake bila bughudha. Tarehe 12 Mei 1885 Bunge liliipa lugha yake hadhi sawa na lugha andishi iliyokuwapo, na sheria ya mwaka 1892 ikaziruhusu bodi za shule kuichagua. Aasen, ambaye hakuoa, alifariki tarehe 23 Septemba 1896 akiwa ameyaona hayo yote.

Shevchenko alikamatwa mwaka 1847, akapelekwa uhamishoni kama askari na kukatazwa kuandika na kuchora; alifariki mwaka 1861. Mwaka 1863 waziri Valuev alizuia vitabu vya dini na vya elimu kwa Kiukraina, na amri ya Ems ya mwaka 1876 ikapanua marufuku hiyo hadi kwenye jukwaa la maigizo na uingizaji wa vitabu kutoka nje. Uchapishaji ulipata hifadhi Lviv, chini ya Austria.

5.0 Hitimisho

Ingetarajiwa basi kwamba lugha iliyolindwa ndiyo ingeenea, na iliyopigwa marufuku ingedhoofika. Haikuwa hivyo. Landsmaal, iliyoitwa Nynorsk tangu mwaka 1929, ina usawa wa kisheria uliothibitishwa tena na sheria ya lugha iliyoanza kutumika mwaka 2022, lakini inafundishwa kama lugha kuu kwa wanafunzi wachache tu, zaidi kidogo ya asilimia 10. Kiukraina, kilichopewa hadhi rasmi mwaka 1989, ndicho lugha ya dola peke yake kwa mujibu wa katiba ya mwaka 1996.

Sababu moja kubwa haimo katika sarufi. Knud Knudsen, aliyeishi zama moja na Aasen, alipendekeza Kideni kifanywe Kinorwe hatua kwa hatua, na marekebisho ya tahajia ya mwaka 1907 na 1917 yakatekeleza wazo hilo. Mshindani wa Aasen akawa mwenyewe Mnorwe, leo Bokmål, na msomaji wa mjini hakuona sababu ya kuhama. Kirusi hakikubadilika kuwa Kiukraina; hivyo mstari wa mpaka ulibaki bayana, na marufuku yenyewe ikaukoleza. Aasen alithibitisha kwamba mtafiti mmoja mwenye subira anaweza kujenga lugha andishi kamili kutokana na vinywa vya wakulima. Maisha yake yanathibitisha pia kwamba kuijenga ni jambo moja, na kuifanya iwe ya lazima kwa wasemaji ni jambo jingine.