Mtakatifu Atanasi, Askofu wa Aleksandria

Kila Dominika, padri akisha kuhubiri, sisi sote husimama na kuimba Nasadiki. Twaiimba upesi, kwa sababu twaijua tangu utoto. Lakini maneno yake hayakushuka kama mvua. Yaliandikwa na watu, katika siku za ugomvi mkubwa, na kwa ajili ya neno moja tu la ndani yake maaskofu wengi walifukuzwa katika miji yao. Aliyefukuzwa mara nyingi kuliko wote alikuwa mtu wa Afrika, mzaliwa wa Misri, jina lake Atanasi.

Atanasi alizaliwa Aleksandria kati ya mwaka 295 na 300. Aleksandria ni mji wa bandari, karibu na mahali Mto Nili unapoingia baharini. Siku zile ulikuwa mmoja wa miji mikubwa kabisa ya dola ya Roma. Mnara mrefu wenye moto juu yake uliwaonyesha mabaharia njia usiku. Merikebu zilipakia ngano ya Misri na kuipeleka ng'ambo, kulisha watu wa miji mingine. Ikumbukeni ngano hiyo, maana tutaikuta tena.

Atanasi alikuwa bado mtoto mwaka 303, wakati Kaisari Diokletiano alipoanza kuwatesa Wakristo. Makanisa yalibomolewa, vitabu vitakatifu vilichomwa moto, watu wengi waliuawa. Baadaye Kaisari Konstantino aliwapa Wakristo ruhusa ya kusali bila hofu, mwaka 313. Ndipo Askofu Aleksanda wa Aleksandria alipomchukua kijana Atanasi nyumbani kwake, akamfundisha, akamfanya mwandishi wake, kisha shemasi. Mwandishi mmoja wa kale asimulia kwamba askofu alimwona mara ya kwanza pwani, akicheza na watoto wenzake mchezo wa kubatiza. Ni hadithi nzuri, lakini wataalamu wengi hawaisadiki, nami naiacha hapo.

Ugomvi ulianza katika mji huohuo. Kulikuwa na padri mmoja, mlinzi wa kanisa moja la Aleksandria, jina lake Ario. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mwenye kufunga sana na kusema vizuri. Watu walimheshimu. Msidhani kwamba alikuwa mtu wa ovyo. Alitaka kulinda jambo la kweli kabisa, yaani kwamba Mungu ni mmoja tu. Lakini alijiuliza: kama Baba ni Mungu, na Mwana ni Mungu, je, hawatakuwa miungu wawili? Akikimbia shimo hilo alitumbukia katika shimo lingine. Alifundisha kwamba Mwana aliumbwa na Baba kabla ya vitu vyote. Alisema kwamba Mwana ni mkubwa kupita malaika wote, lakini ni kiumbe tu, wala hakuwako tangu milele.

Ario alijua njia ya kuingia masikioni mwa watu. Alitunga nyimbo za mafundisho yake: nyingine za mabaharia, nyingine za wasaga nafaka, nyingine za wasafiri. Basi mafundisho yalienea bandarini na njiani hata kwa wale wasiojua kusoma. Askofu Aleksanda alimwonya, lakini Ario hakusikia. Askofu akakusanya maaskofu karibu 100 wa Misri na Libya, wakamtenga na Kanisa. Ario akavuka bahari, akaenda kwa rafiki zake wa Asia. Mkubwa wao alikuwa Eusebio, askofu wa Nikomedia, mtu aliyesikilizwa katika nyumba ya Kaisari.

Konstantino alipopata habari, hakuona jambo kubwa ndani yake. Alikuwa askari, akataka watu wake wawe kitu kimoja. Mwaka 324 aliandika barua kwa Aleksanda na Ario pamoja, akiwaambia kwamba wanashindania jambo dogo lisilofaa. Barua haikuleta amani. Mwaka 325 akawaita maaskofu wakutane Nisea, mji ulio katika nchi tunayoiita leo Uturuki. Walifika karibu 300. Papa Silvestri alikuwa mzee, akatuma mapadri wawili mahali pake. Wengine katika maaskofu hao walikuwa na makovu ya mateso. Pafnusio wa Misri alikuwa na jicho moja tu, maana lingine lilitobolewa kwa ajili ya imani.

Atanasi alikuwako pamoja na askofu wake. Alikuwa shemasi tu, tena kijana. Baadaye aliandika jinsi mambo yalivyokwenda. Maaskofu walitafuta katika Maandiko maneno ya kumkiri Mwana. Kila neno lililotajwa, rafiki za Ario walilikubali, huku wakikonyezana macho, kwa sababu walikwisha kupata njia ya kuligeuza maana. Wakisikia kwamba Mwana atoka kwa Mungu, walisema moyoni kwamba vitu vyote vyatoka kwa Mungu. Basi maaskofu wakachukua neno la Kigiriki lisiloweza kugeuzwa: homousios. Maana yake ni kwamba Mwana ana asili ileile moja na Baba. Lo lote alilo Baba kwa kuwa Mungu, Mwana ni lilo hilo. Karibu wote walitia sahihi. Maaskofu wawili wa Libya walikataa, wakahamishwa pamoja na Ario.

Kwa nini kuhangaika hivyo kwa ajili ya neno moja? Atanasi alijibu swali hilo maisha yake yote, na jibu lake halikuwa gumu. Mtu hujenga nyumba, na mtu huzaa mtoto. Nyumba si mtu, hata ikiwa nzuri namna gani. Lakini mtoto ni mtu kama baba yake. Mwana wa Mungu hakujengwa, alizaliwa. Basi yeye ni Mungu kama Baba alivyo Mungu. Nao si miungu wawili, kama vile jua na mwanga wake si majua mawili. Hapajawa na siku jua lilipokuwako bila mwanga. Kisha alitoa sababu nyingine, na naona ndiyo iliyo na uzito kuliko zote. Sisi ni viumbe, tena viumbe wenye kufa. Kiumbe hawezi kumwunganisha kiumbe mwenzake na Mungu. Kama Yesu ni kiumbe tu, basi tuliobatizwa kwa jina lake tumebaki mbali na Mungu kama zamani. Kaisari aliona ugomvi wa maneno, lakini Atanasi aliona kwamba wokovu wetu wenyewe umo ndani.

Askofu Aleksanda alikufa mwaka 328. Atanasi akawekwa mahali pake, naye hajafika umri mkubwa. Alipanda Mto Nili kuwatembelea Wakristo wa mashambani na wamonaki. Alimweka Frumensio kuwa askofu wa Aksum, katika Ethiopia, na hivyo Kanisa la nchi ile lilipata askofu wake wa kwanza.

Lakini Eusebio na rafiki zake walikuwa wamerudi katika upendeleo wa Kaisari, na Ario mwenyewe aliitwa kutoka uhamishoni. Atanasi aliagizwa kumpokea tena, akakataa. Ndipo adui zake walipounda mashtaka. Walisema kwamba amemwua askofu mmoja aliyeitwa Arsenio, akamkata mkono apate kufanyia uchawi. Waliuonyesha hata mkono wenyewe, uliokaushwa. Mwaka 335 Atanasi aliitwa kuhukumiwa mbele ya maaskofu katika mji wa Tiro. Kumbe Arsenio hakufa. Alifichwa katika nyumba ya wamonaki, na watu wa Atanasi walikwisha kumpata. Waandishi wa kale wasimulia kwamba Atanasi alimwingiza barazani amejifunika joho. Aliuliza kama wako wanaomjua Arsenio. Wengi wakakubali. Akamfunua uso. Kisha akatoa mkono mmoja nje ya joho, kisha wa pili, akawauliza wamwonyeshe mahali ulipokatwa wa tatu.

Mngedhani kesi imekwisha. Haikuisha, kwa sababu waamuzi walikuwa upande wa adui zake. Atanasi alitoroka kwa mashua mpaka Konstantinopoli. Siku moja Kaisari alipokuwa akiingia mjini amepanda farasi, Atanasi alisimama katikati ya njia akamwomba kusikilizwa. Konstantino alishangaa, akataka kumsikiliza. Lakini adui zake walileta shtaka jipya: eti ametisha kuzuia merikebu za ngano ya Aleksandria. Mji wa Kaisari ulikula ngano hiyo. Konstantino hakuuliza tena. Alimhamisha Atanasi mpaka Trier, mbali sana kaskazini, katika nchi ya Ujerumani ya leo.

Ario alikufa ghafula mwaka 336, na Konstantino akamfuata mwaka 337. Ugomvi haukufa pamoja nao. Atanasi alirudi kwake, lakini mwaka 339 alifukuzwa tena na Konstansio, mwana wa Konstantino. Safari hii alikimbilia Roma. Papa Julio alimpokea, akachunguza mambo yake, akaona kwamba hana kosa. Aliporudi Aleksandria mwaka 346, watu walitoka kwa makundi kumlaki.

Tusimfanye Atanasi malaika. Kalamu yake ilikuwa kali, na hakuwahurumia waliompinga. Barua moja ya kale iliyopatikana Misri yasimulia jinsi watu wa upande wake walivyowapiga wapinzani. Mimi sioni haja ya kulificha jambo hilo. Lakini woga hakuwa nao, na usiku mmoja wa Februari mwaka 356 ulionyesha hivyo. Watu walikuwa wakikesha kanisani katika sala. Askari wa Konstansio walizunguka kanisa, wakavunja milango. Atanasi aliketi katika kiti chake, akamwamuru shemasi asome zaburi, na watu waitikie. Hakukubali kutoka kabla watu hawajatoka. Mishale iliruka, watu wengine walikanyagwa wakafa. Mwisho wamonaki walimshika wakamtoa nje katika giza, naye karibu kuzimia.

Miaka sita alifichwa na wamonaki wa jangwani. Askari walimtafuta vibandani na makaburini, lakini hakuna aliyemtoa. Huko aliandika vitabu vingi. Mmoja wao ni maisha ya Mtakatifu Antoni, mmonaki mzee aliyekufa mwaka uleule wa 356 na kumwachia Atanasi ngozi ya kondoo na joho lake. Aliandika pia barua kwa rafiki yake Askofu Serapio, kwa sababu watu wengine walikuwa wameanza kusema kwamba Roho Mtakatifu ndiye kiumbe. Atanasi alionyesha kwamba shauri ni lilelile. Tunabatizwa kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Hatuwezi kubatizwa kwa jina la Mungu na la kiumbe pamoja. Nafsi ni tatu, Mungu ni mmoja.

Sasa nataka mtazame jambo alilofanya baada ya kurudi, mwaka 362, ambalo husahauliwa. Wakati ule maaskofu wengi wa mashariki waliogopa neno la Nisea. Walipenda kusema kwamba Mwana anafanana na Baba kwa asili. Kwa Kigiriki maneno hayo mawili yapitana kwa herufi moja tu. Wengine tena walisema kwamba katika Mungu mna nafsi tatu, na wenzao wakadhani kwamba wanahubiri miungu watatu. Wenzao nao wakitumia neno lilelile la Kigiriki walihesabu moja tu, wakasingiziwa kwamba wanamkana Mwana na Roho. Mtu aliyeteswa miaka mingi kwa ajili ya neno angaliweza kuwafukuza wote wasiolisema kama yeye. Atanasi hakufanya hivyo. Aliwakusanya maaskofu Aleksandria, akawauliza wa kwanza maana ya maneno yao, akawauliza na wa pili. Wote wawili walikuwa wakisadiki jambo lilelile. Akawapokea kama ndugu. Yule aliyekataa kumpa Kaisari neno moja aliwaachia ndugu zake maneno mengi.

Mwaka uleule Kaisari Yuliani, aliyekuwa ameacha Ukristo, alimfukuza tena. Atanasi alipanda Nili kwa mashua, askari wakimfuata nyuma. Aliagiza mashua igeuzwe, iteremke kuwaelekea. Askari wakawauliza wale wa mashuani kama wamemwona Atanasi. Wakajibiwa kwamba hayuko mbali, wapige kasia kwa bidii. Wakapita mbio, naye akarudi polepole mjini kujificha.

Alifukuzwa mara ya tano na Kaisari Valensi mwaka 365, kwa miezi michache tu, kwa maana watu wa Aleksandria walilia mpaka Kaisari akaogopa fujo. Mwaka 367 aliandika barua ya Pasaka yenye orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya, ndivyo hivi tulivyo navyo mikononi. Katika miaka 45 ya uaskofu alikuwa amekaa uhamishoni karibu miaka 17.

Alikufa kwake Aleksandria, kwa amani, tarehe 2 Mei mwaka 373. Alikuwa amemchagua padri Petro ashike mahali pake. Lakini wafuasi wa Ario walimleta mtu wao pamoja na askari, na Petro akalazimika kukimbilia Roma, kama mwalimu wake zamani. Miaka minane baadaye, mwaka 381, maaskofu walikutana Konstantinopoli. Waliithibitisha imani ya Nisea, wakamkiri Roho Mtakatifu kuwa wa kuabudiwa pamoja na Baba na Mwana.