Willie Mosconi

William Joseph Mosconi, anayejulikana zaidi kwa jina la Willie Mosconi (Philadelphia, Pennsylvania, 27 Juni 1913 – Haddon Heights, New Jersey, Septemba 1993), alikuwa mchezaji wa pool kutoka nchi ya Marekani. Kati ya miaka 1941 na 1957 alitawala mashindano ya dunia ya pool ya aina ya 14.1. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni mataji 15, yakichanganywa yale ya mashindano na yale ya mechi za changamoto kati ya bingwa na mpinzani mmoja.

Anakumbukwa hasa kwa jambo moja: mwezi Machi 1954 alitumbukiza mipira 526 mfululizo bila kukosa. Rekodi hiyo ilidumu miaka 65. Hata hivyo watu wameijadili tangu zamani, kwa sababu haikupigwa picha ya filamu, na ushahidi wake ni maneno na saini za watu waliokuwepo. Kwa hiyo maisha ya Mosconi yanahusu pia swali ambalo kila mchezo hukutana nalo, yaani nani anahesabu, na kwa nini aaminiwe.

Utoto

Mosconi alizaliwa katika familia yenye asili ya Italia. Baba yake, Joseph Mosconi, alikuwa na ukumbi wa pool mjini Philadelphia, lakini hakutaka mwanawe aucheze mchezo huo. Alitamani mtoto awe mcheza dansi jukwaani kama walivyokuwa ndugu wengine wa ukoo, akawa anazifungia fimbo za kuchezea. Inasimuliwa kwamba mtoto alichukua viazi jikoni kwa mama yake, akavifanya kuwa mipira, na usiku akajifunza kuvipiga kwa mpini wa ufagio.

Baba alipogundua kipaji cha mwanawe alibadili mawazo, akaanza kuwaalika watu waje kumtazama. Mtoto alikuwa mfupi kiasi cha kulazimika kusimama juu ya sanduku ili aifikie meza. Alipokuwa na umri wa miaka 6 alipambanishwa na Ralph Greenleaf, kijana aliyekuwa anaanza kutawala mchezo huo Marekani. Mtoto alishindwa, lakini alicheza vizuri kiasi cha kuwashangaza watazamaji.

Baada ya muda mfupi alichoka na maonyesho hayo, akaacha kucheza. Alirudi mezani akiwa kijana, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka 1929. Kazi zilikuwa adimu, wazazi wake walikuwa wagonjwa, na fedha za zawadi zikawa njia ya kuilisha familia.

Ubingwa

Katika miaka ya 1930 kampuni ya Brunswick, inayotengeneza meza za biliadi, ilimwajiri kuzunguka nchini akicheza mechi za maonyesho. Kwa muda alisafiri pamoja na Greenleaf, wakipambana mji baada ya mji. Safari hizo zilimjenga, kwani kila siku alikutana na meza ngeni na watazamaji wageni.

Alipata ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza mwaka 1941. Wapinzani wake wakubwa walikuwa Irving Crane, Jimmy Caras na Andrew Ponzi. Mosconi alicheza haraka, akizunguka meza bila kusitasita, na mara nyingi mpira mweupe ulisimama pale pale alipotaka kupigia pigo linalofuata. Mwaka 1956 alimaliza mchezo mzima wa pointi 150 kwa zamu moja dhidi ya Jimmy Moore. Mwaka huohuo alipatwa na kiharusi. Alipona, akarudi kushindana, kisha akaacha mashindano ya ubingwa baada ya mwaka 1957.

Jinsi pointi zinavyohesabiwa

Ili kuelewa mjadala juu ya rekodi yake, ni lazima kufahamu kanuni za 14.1. Huchezwa kwa mipira 15 pamoja na ule mweupe. Kila mpira unaotumbukia kihalali ni pointi 1, bila kujali namba iliyoandikwa juu yake. Mchezaji hutaja mpira anaoulenga na shimo utakamoingia. Anaendelea hadi akose au afanye kosa. Mpira mmoja unapobaki, ile 14 mingine hupangwa tena katika pembetatu, naye huendelea na zamu yake. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kucheza kwa saa nzima huku mpinzani wake ameketi kitini. Mechi za ubingwa zilichezwa hadi pointi 150.

Mchezaji akifanya faulo hupunguziwa pointi 1. Akifanya faulo tatu mfululizo, hupunguziwa pointi 15 zaidi. Hivyo hesabu yake inaweza kurudi nyuma, hata kushuka chini ya sifuri.

Ugomvi mwingi hutokana na mambo manne:

1. Kutaja mpira. Pigo likiwa dhahiri, wachezaji wengi hawasemi kitu. Mpira mwingine ukiingia kwa bahati, mmoja atadai ndio aliokusudia.

2. Kugusa. Mkono wa shati au fimbo ikigusa mpira kidogo, mara nyingi anayejua ni mpigaji peke yake.

3. Ukingo. Baada ya mpira mweupe kugonga mpira mwingine, lazima mpira uingie shimoni au mmojawapo ufike kwenye ukingo wa meza. Mpira ukienda polepole ni vigumu kuona kama umefika.

4. Kuandika. Katika kumbi za Marekani pointi zilihesabiwa kwa shanga zilizotungwa kwenye waya juu ya meza. Ushanga mmoja ukisahauliwa, au ukisogezwa mara mbili, hesabu yote inaharibika.

Katika mashindano makubwa mwamuzi husimama karibu na meza na kutaja hesabu kwa sauti baada ya kila mpira. Anaweza pia kujisahihisha, kwa sababu katika kila seti mipira iliyoingia na ile iliyobaki mezani lazima ifike 15. Pasipo mwamuzi, desturi ni kumwomba mtu wa tatu aliangalie pigo lenye utata kabla halijapigwa. Kama hakuna aliyeona vizuri, neno la mpigaji ndilo hukubaliwa. Kwa sababu hiyo mchezaji mwungwana hutaja faulo yake mwenyewe, hata kama mpinzani hakuiona. Kanuni humpa mpigaji faida ya shaka, naye hutakiwa asiitumie vibaya.

Mipira 526

Mwezi Machi 1954 Mosconi alicheza mechi ya maonyesho katika ukumbi wa East High Billiard Club mjini Springfield, jimbo la Ohio. Mchezo ulikuwa wa pointi 200. Alizifikia bila kukosa, na watazamaji wakataka aendelee. Aliendelea kwa zaidi ya saa mbili hadi alipokosa, hesabu ikiwa 526. Idadi hiyo ni sawa na kumaliza seti za mipira 14 mara 37 na kuongeza mipira 8.

Hapakuwa na kamera. Kilichofanyika ni kuandika hati ya kiapo, na watu zaidi ya 35 waliokuwa ukumbini wakatia saini kwamba waliona. Hati hiyo ndiyo iliyoifanya rekodi itambuliwe.

Wanaoipinga wana hoja tatu. Kwanza, meza ilikuwa ya futi 8 kwa 4, ndogo kuliko zile za futi 9 au 10 zilizotumika kwenye ubingwa, hivyo mapigo yalikuwa mafupi. Pili, ilikuwa maonyesho na si mashindano, kwa hiyo mchezaji hakubanwa na hofu ya kupoteza taji. Tatu, watazamaji waliokuja kumshangilia si waamuzi, na hakuna anayeweza kuthibitisha leo kwamba kila mmoja alihesabu mwenyewe.

Wanaoitetea hujibu kwamba katika meza ndogo mipira hubanana zaidi, jambo ambalo nalo ni gumu. Pia husema kwamba watu wengi kiasi kile, waliokaa pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, si rahisi wakosee kwa namna ileile.

Umuhimu wa mashahidi unaonekana ukilinganisha na wengine. Mjini London mwaka 1907 Tom Reece alifikisha pointi 499,135 katika biliadi ya Kiingereza, lakini hazikutambuliwa kuwa rekodi rasmi kwa kuwa waandishi na watazamaji hawakuwepo muda wote. Miaka michache baada ya Mosconi, Mike Eufemia wa New York anasemekana alifikisha 625. Hakupatikana mtu mmoja aliyeona mfululizo huo wote, na 526 ikabaki juu.

Rekodi ilipitwa mwaka 2019, John Schmidt alipofikisha 626 mbele ya kamera. Hata hapo mabishano hayakwisha, kwani baadhi ya wapenzi wa mchezo walilalamika kwamba video nzima haikuonyeshwa hadharani. Mwaka 2022 Jayson Shaw alifikisha 714.

Mosconi na wacheza kamari

Wakati wa Mosconi kumbi za pool zilikuwa na sifa mbaya. Walikuwepo watu walioishi kwa ulaghai wa mezani: mtu hujifanya hajui kucheza, hupoteza michezo michache kwa makusudi, kisha dau likipanda huonyesha uwezo wake wote. Mosconi aliwachukia watu hao. Alivaa suti alipocheza, akataka mchezo uheshimiwe kama michezo mingine.

Hata hivyo filamu iliyoutangaza mchezo huo zaidi, The Hustler ya mwaka 1961, ilihusu watu wa aina hiyohiyo. Mosconi alikuwa mshauri wake wa kiufundi, alimfundisha mwigizaji Paul Newman, na anaonekana kwa muda mfupi kama mtu anayeshika fedha za dau. Baada ya filamu, mchezaji Rudolf Wanderone alijiita Minnesota Fats, jina la mhusika mmoja wa hadithi hiyo, akapata umaarufu mkubwa bila kuwahi kuwa bingwa wa dunia. Mosconi alikereka kuona majigambo yakilinganishwa na mataji yaliyohesabiwa mbele ya waamuzi. Tarehe 14 Februari 1978 wawili hao walikutana New York katika pambano lililoonyeshwa kwenye televisheni. Fats alizungumza na kutania muda wote, na Mosconi akashinda.

Si kwamba Mosconi mwenyewe alikuwa mpole. Waliomfahamu walimweleza kuwa mtu mwenye hasira za haraka, asiyependa kushindwa hata katika mchezo usio na zawadi. Uungwana wake ulikuwa katika kufuata kanuni, si katika maneno matamu.

Miaka ya mwisho na urithi

Mwaka 1968 aliingizwa katika orodha ya watu mashuhuri ya Billiard Congress of America. Aliandika vitabu vya kufundishia mchezo, na kumbukumbu zake, Willie's Game, zilitoka mwaka 1993. Alifariki mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 80. Tangu mwaka 1994 mashindano ya kila mwaka kati ya Marekani na Ulaya yanaitwa Mosconi Cup kwa heshima yake.

Mchezo huu katika pwani ya Tanzania

Uhusiano wa pwani ya Tanzania na biliadi ni wa zamani kuliko Mosconi. Katika karne ya 19 misafara ilileta pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo, zikavushwa kwenda Zanzibar na kuuzwa Ulaya na Marekani. Sehemu ya pembe hizo ilichongwa mipira ya biliadi. Gharama yake ililipwa na tembo waliouawa na wapagazi waliozibeba kwa miezi. Tena mipira ya pembe haikuwa sawasawa kabisa: ilisinyaa na kupinda kadiri hali ya hewa ilivyobadilika, ikazua malalamiko mezani. Baadaye mipira ya plastiki na mchanganyiko mwingine ilichukua nafasi yake.

Leo meza za pool zinapatikana katika baa nyingi za Bagamoyo na kando ya barabara inayotoka Dar es Salaam kupitia Tegeta, Bunju na Mapinga. Nchini yamewahi kufanyika mashindano ya taifa yaliyodhaminiwa na bia ya Safari Lager. Mchezo uliozoeleka si 14.1. Kila mchezaji humaliza mipira ya kundi lake, kisha hupiga ule mweusi wenye namba 8. Anayeshinda hubaki mezani na anayefungwa humpisha anayesubiri. Kwa hiyo hakuna pointi nyingi za kuandika, lakini mabishano ni yaleyale: kama mpira uliguswa, kama mweusi uliingia kwenye shimo lililotajwa, kama faulo inampa mpinzani pigo moja au mawili. Kanuni hutofautiana kati ya baa na baa, hivyo wachezaji wenye busara hukubaliana kabla ya kuanza na kumweka mtu wa tatu atazame. Ndivyo ilivyofanyika Springfield mwaka 1954, ambapo hesabu ilisimama kwa sababu walikuwepo watu walioona na waliokubali kuweka majina yao.