Ernest Lawrence: mutu aliyejenga mashini zilizokula mawe ya Shinkolobwe

Wengi wetu tunajuaka jina la Shinkolobwe. Tunajuaka pia kama mawe ya kule, karibu na Likasi, njo yaliingia mu bombe ya Hiroshima. Lakini jiwe halitoki mu shimo na kugeuka bombe siku ileile. Katikati kulikuwa mashini kubwa sana, na mashini zile zilikuwa na mwenye kuzizaa. Jina lake ni Ernest Orlando Lawrence. Leo tunaeleza maisha yake, juu ni vizuri watu wa kazi ya kuchimba wajue jiwe lao lilifika mu mikono ya nani.

Alizaliwa tarehe 8 mwezi wa nane 1901 mu Canton, muji mudogo wa South Dakota, Marekani. Babu zake walitoka Norwei. Baba yake alikuwa mutu wa masomo, lakini mali haikuwa mingi. Ili alipe iniversite, kijana Ernest alizunguka nyumba kwa nyumba mu mashamba, akiuzisha sufuria za aluminiumu. Mu 1925 alipata udaktari wa fizike ku Yale, na mu 1928 akaenda kufundisha ku iniversite ya California, mu muji wa Berkeley.

Mu 1929, mu biblioteke, alikutana na maandishi ya Rolf Widerøe, fundi wa Norwei, yaliyoandikwa kwa Kijerumani. Lawrence alijua Kijerumani kidogo tu. Aliangalia plani, sawa fundi yeyote wa atelie angefanya, na plani ilimutosha.

Shida ya wakati ule ilikuwa hii: ili kujua ndani ya atomu kuna nini, inafaa kuipiga na chembe ndogo zenye mbio kali. Ili chembe ipate mbio ile kwa musukumo moja, inaomba umeme wa volti milioni na zaidi, na umeme wa vile unapasua kila kintu. Widerøe alionyesha kama unaweza kusukuma kidogo kidogo, mara nyingi, mu mustari. Lawrence akaona mbele zaidi: tuweke sumaku, chembe izunguke, irudi kila mara pale pale penye musukumo. Angalia mutoto wa Katuba mwenye kukimbiza mupira wa kinga na kafimbo. Kila pigo ni dogo, lakini mapigo yakiwa mengi mupira unakimbia kumupita yeye mwenyewe. Mashini ile njo inaitwa siklotroni.

Tarehe 2 mwezi wa kwanza 1931, mwanafunzi wake Stanley Livingston aliwasha mashini yenye kuenea mu kiganja, upana wake kama santimetre 11. Waliingiza umeme usiofika volti 2,000, na chembe zikatoka na nguvu ya volti 80,000. Mwaka uliofuata, na mashini kubwa kidogo, walipita milioni moja.

Kutoka pale hakusimama tena. Kampuni moja ya telegrafu ilikuwa na sumaku ya tani 80 isiyokuwa na kazi, aliiomba, wakamupa. Aliiweka mu nyumba ya zamani ya mbao, na njo pale laboratware yake ilipata nguvu. Hewa ilipenya kila siku mu matundu; waliyatafuta na kuyaziba na nta. Watu walitumika kwa timu, muchana na usiku. Zamani mwenye elimu alikuwa anatumika peke yake na mwanafunzi moja ao wawili. Kwa Lawrence, wafizike, wakemia, mafundi wa umeme na wa chuma walikutana ku mashini moja. Alikuwa mukali pia: kijana Robert Wilson alifukuzwa juu ya kapira kadogo ka kuziba hewa, akarudishwa, akafukuzwa tena. Kiisha huyu Wilson njo alikuja kujenga laboratware kubwa ya Fermilab, karibu na Chicago.

Mu 1939 walimaliza siklotroni yenye sumaku ya tani 220, na mwaka uleule Lawrence akapata zawadi ya Nobel.

Tusiseme kama mashini hizi zilizaliwa kwa kuua. Ndugu yake John, dokta, alikuwa anazitumia kutafuta dawa za kansa na za magonjwa ya damu. Mama yao mwenyewe, madokta walipokata tamaa juu ya kansa yake, alitunzwa na mashini ya miali iliyojengwa na watu wa timu ya Lawrence, na akaishi miaka mingi ingine. Tena mu Berkeley, na siklotroni, Livingood na Seaborg njo waligundua kobalti 60, ile iliyokuja kutunza wagonjwa wa kansa mu mahospitali ya dunia nzima. Hapa Katanga, penye kobalti inajaza malori, habari hii ingefaa kujulikana.

Kiisha vita ikafika. Mu 1940, Edgar Sengier, mukubwa wa Union Minière, alituma tani zaidi ya 1,000 za mawe ya Shinkolobwe ku New York, yakawekwa mu depo. Yalikuwa mawe tajiri kupita yote yaliyojulikana. Mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili 1941, Lawrence alibadilisha siklotroni moja ya Berkeley ili ijaribu kutenganisha uraniumu. Tarehe 9 ya mwezi uleule, hapa Elisabethville, wenye kutumika ku Union Minière walikuwa wamekusanyika ku kiwanja cha mupira, wanaomba mushahara zaidi. Walipigwa risasi. Habari hizi mbili hazikujuana, lakini ni za mwezi moja na za jiwe moja.

Kwa nini kutenganisha? Mu atomu 1,000 za uraniumu, 7 tu njo zenye kufaa kwa bombe, na uzito wake unapunguka kidogo sana ku zile zingine. Lawrence alizizungusha zote mu sumaku. Fikiria rond-point: lori yenye muzigo inakata mbali, moto inakata karibu. Vilevile atomu nzito inapita inje, nyepesi inapita ndani, na kila moja inaanguka mu kisanduku chake.

Mu mwezi wa pili 1943 walianza kujenga kiwanda cha Y-12 mu Oak Ridge, jimbo la Tennessee. Shaba ya bobini ilikosekana, juu vita iliimeza yote. Serikali ya Marekani ikaazimisha feza kutoka ku hazina yake, karibu tani 14,700, wakaifanya waya. Lakini siku ya kuwasha, kazi ilikataa. Sumaku zilivuta matanki ya tani 14 mpaka yakahama mahali pake. Mafuta ya bobini yalikuwa na uchafu na kutu, umeme ukapita mahali hapakuwa njia yake. Ilifaa kurudisha bobini ku kiwanda kilichozifanya, na kuanza upya. Kila mutu aliyeona ufungulizi wa kiwanda anajua: kukata kamba ni rahisi, kuzungusha mashini njo kazi. Mu mwanzo wa 1944 ikazunguka.

Mbele ya visomeo walikaa wasichana wa vijiji vya Tennessee, wanarudisha mushale pahali pake siku nzima. Hawakuambiwa wanatengeneza nini. Ku Shinkolobwe, penye baba zetu walichagua mawe kwa mikono, hapana mutu aliyeambiwa pia.

Tarehe 6 mwezi wa nane 1945, kilo 64 hivi za uraniumu ziliangukia Hiroshima. Makumi ya maelfu ya watu walikufa. Lawrence alikuwa moja wa wanasayansi wane walioulizwa shauri mbele; alitamani kwanza bombe ionyeshwe bila kuua, lakini ku mwisho alikubaliana na wenzake. Nyuma ya vita aliunga mukono bombe kubwa zaidi. Mu 1958 alikwenda Genève ku mazungumzo ya kusimamisha majaribio ya bombe, akagonjwa kule. Alikufa tarehe 27 mwezi wa nane, mu Palo Alto, na miaka 57. Laboratware mbili zinabeba jina lake, na elementi ya 103 inaitwa lorensiamu.

Hatumunyimi heshima. Mutoto wa sufuria aliyefika pale, alitumika. Lakini jina lake limeandikwa ku mulango, na majina ya wenye kutoa jiwe hayakuandikwa ku kibao chochote cha Oak Ridge wala Berkeley. Tangu 2004 kuchimba Shinkolobwe kumekatazwa, na wazee walioona kazi ya kule wanapunguka kila mwaka. Kama nyumbani kwenu kuna moja, mumuulize leo, na muandike jina lake.