Akenehi Hei, Binti wa Te Kaha

Historia ya uuguzi inapofunzwa, jina la Florence Nightingale halikosi kutajwa, na ni haki yake. La Akenehi Hei, Mmaori wa New Zealand, ni nadra kusikika. Hata hivyo, yeyote anayetafakari namna ya kuwasaidia vijana wa jamii asilia kusomea uuguzi hana budi kuyachunguza maisha ya mwanamke huyu.

Alizaliwa Te Kaha, katika Kisiwa cha Kaskazini, mnamo 1877 au 1878, akasomea shule ya wasichana ya St Joseph's mjini Napier. Enzi hizo maradhi yalioletwa na wageni yalikuwa yamewapunguza Wamaori mno, hata baadhi ya walowezi wakadai kwamba watu hao wangetoweka kabisa. Mwaka 1897, kakake, Hamiora, alipendekeza katika mkutano wa vijana waliosomea Te Aute kwamba mabinti wa Kimaori wafunzwe uuguzi. Serikali ikakubali kuwafadhili wachache.

Ufadhili huo, ole wao, ulikuwa nusu mkate. Wasichana walikusudiwa kukaa hospitalini kwa muda wa mwaka mmoja hivi, kisha warudi vijijini wakahubiri usafi. Hawakutarajiwa kuwa wauguzi kamili. Sijui ni msomi gani angeridhika kumwona mwanawe akifunguliwa mlango kisha akizuiwa kizingitini!

Akenehi hakuridhika. Aliingia Hospitali ya Napier mwaka 1901 akiwa mwanagenzi, akavumilia miaka kadhaa, na mwaka 1908 akafuzu uuguzi na ukunga. Alisajiliwa kwa jina lake la Kimaori, jambo ambalo halikuwa dogo zama zile. Idara ya Afya ilimwajiri mwaka 1909, akatumwa kwenye vijiji vilivyovamiwa na homa ya matumbo. Huko ujuzi wa hospitali pekee haungalifaa kitu. Wagonjwa walimsikiliza kwa kuwa aliijua lugha yao na kuziheshimu mila zao.

Novemba 1910, baada ya kuwauguza jamaa zake waliopatwa na homa hiyohiyo, aliambukizwa na kufariki mjini Gisborne. Mwaka uliofuata, serikali ilianzisha rasmi mpango wa wauguzi wa kuwahudumia Wamaori. Wengi wa walioajiriwa walikuwa Wazungu, kwani Wamaori waliokuwa wamefuzu walikuwa wachache mno.