Felix Frankfurter: Kutoka Uprofesa hadi Ujaji

Felix Frankfurter alizaliwa Vienna mwaka 1882, katika familia ya Kiyahudi. Alipofika New York mwaka 1894 hakujua Kiingereza. Lakini mwaka 1914 alikuwa tayari profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1927 aliandika kufichua kasoro za kesi ya Sacco na Vanzetti, wahamiaji wawili wa Kiitaliano waliohukumiwa kifo.

Mwaka 1939 Rais Roosevelt alimteua kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Wengi walitarajia aendelee kuwa ngao ya wanyonge. Yeye, hata hivyo, aliamini kwamba jaji hana budi kuheshimu maamuzi ya watunga sheria, hata asipoyapenda. Hivyo, mwaka 1940 aliandika hukumu iliyoruhusu kufukuzwa shuleni kwa watoto wa Mashahidi wa Yehova waliokataa, kwa imani yao, kuisalimu bendera. Mwaka 1943 Mahakama hiyohiyo iliutengua msimamo huo, yeye hakuuacha. Alistaafu mwaka 1962, akafariki mwaka 1965.

Unyenyekevu wa jaji mbele ya sheria ni fadhila. Lakini dhamiri ya mtoto nayo yadai ulinzi, maana sheria imewekwa kwa ajili ya mtu.