Lumumba: mufungwa aliyetoka gerezani akaongoza inchi

Kila siku watu wa Bukavu wanapita kwenye avenue Patrice Emery Lumumba. Wote wanamujua kama waziri mukuu wa kwanza wa Kongo. Wachache ndio wanakumbuka kwamba mbele ya pale alikuwa mufungwa, tena wa kesi ya wizi.

Alizaliwa tarehe 2/7/1925 kule Onalua, Sankuru. Akakuwa karani wa posta Stanleyville, leo Kisangani. Mwaka 1956 alikamatwa kwa ajili ya feza za posta, akahukumiwa, akafungwa.

Wakoloni walijenga gereza kwa kufunga mutu na kumutumikisha, si kwa kumutengeneza. Hata hivyo Lumumba alipata humo karatasi na fasi ya kuandikia. Aliandika kitabu kizima juu ya kesho ya Kongo. Kilichapishwa Ubelgiji mwaka 1961, yeye akiwa amekwisha kufa.

Alitoka mwaka 1957, akaenda Léopoldville, akapata kazi kwenye kampuni ya pombe ya Bracongo. Ile kazi ndiyo ilimufanya ajulikane mitaani. Oktoba 1958 alikuwa kati ya waanzilishi wa chama cha MNC.

Mwisho wa 1959, kisha fujo za Stanleyville, alifungwa tena. Januari 1960 wajumbe Wakongomani kwenye Table Ronde ya Brussels walidai aachiliwe. Akatolewa gereza ya Jadotville, leo Likasi, akapanda ndege. Mwezi wa Juni akawa waziri mukuu.

Mara ya mwisho alikamatwa Desemba 1960, akawekwa kambi ya jeshi ya Thysville bila kupita mbele ya tribinali. Tarehe 17/1/1961 aliuawa Katanga. Kifungo cha kwanza kilimuachia njia ya kurudi kwa watu, hiki hakikumuachia.

Gereza kuu ya Bukavu nayo ilijengwa wakati wa ukoloni, kwa watu kama 500. Kwa miaka mingi ilijaa kupita mara mbili ya hesabu hiyo, wengi wao wakingali kungoja hukumu. Mutu anayelala amebanana na wenzake hana fasi ya kuandika hata jina lake. Siku gereza mupya itakapochorwa, iwe na chumba cha kusomea, fasi ya kushona na kuseremala, fasi ya kuonana na familia na avoka, na wasiohukumiwa wakae kando ya waliohukumiwa. Karani wa Stanleyville alipata karatasi na, alipotoka, kazi. Vile viwili tu vilitosha kumurudisha katikati ya watu.