Bruce McLaren na Motokaa Kuukuu

Wengi wetu tumelisikia jina la McLaren katika habari za mashindano ya motokaa, lakini si wote wanaojua kwamba ni jina la mtu, na kwamba kazi yake ilianzia kwenye motokaa moja kuukuu. Mimi ni mmoja wa wavulana wanaomsaidia fundi katika karakana ya shule, kwa hiyo habari zake zimenigusa sana.

Bruce McLaren alizaliwa tarehe 30 Agosti 1937 mjini Auckland, New Zealand. Wazazi wake walikuwa na kituo cha petroli na karakana. Alipokuwa na umri wa miaka 9 alishikwa na ugonjwa wa nyonga, akalazwa kitandani muda mrefu. Alipona, lakini mguu wa kushoto ulibaki mfupi kuliko wa kulia, akachechemea maisha yake yote.

Baadaye baba yake alinunua Austin Seven ya mashindano, aina ya Ulster, iliyoundwa mwaka 1929. Ilikuwa motokaa ndogo yenye silinda nne, na ukubwa wa injini sentimita za ujazo 747 tu. Breki zake zilivutwa kwa nyaya, si kwa mafuta. Tena ilikuwa imechakaa. Baba alikusudia kuitengeneza aiuze, lakini mwanawe alimsihi wasiiuze, basi wakaitengeneza pamoja.

Kazi ya motokaa kuukuu si mchezo. Sharti ufungue injini na kupanga kila kipande mahali utakapokikumbuka; ukwangue masizi; usage vali zikae barabara; usawazishe nyaya za breki ili gari lisivutwe upande mmoja. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na msemo huo haufai popote kama chini ya motokaa.

Mwaka 1952, angali kijana wa shule, Bruce aliiendesha motokaa ile katika mashindano ya kupanda kilima. Halafu alisomea uhandisi chuoni. Mwaka 1958 alipata msaada wa kwenda Ulaya kushindana. Mwaka 1959, mwenye umri wa miaka 22, alishinda mashindano makuu ya Marekani huko Sebring. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake mwenyewe. Mwaka 1966 alishinda saa 24 za Le Mans pamoja na Chris Amon, na mwaka 1968 alishinda huko Ubelgiji kwa motokaa yenye jina lake. Hata alipokuwa mkubwa wa kampuni, hakuacha kuzijaribu motokaa zake mwenyewe.

Na katika kujaribu ndiko alikofia. Tarehe 2 Juni 1970, katika uwanja wa Goodwood, Uingereza, sehemu ya bodi ya nyuma ilifunguka gari likienda mbio, likamshinda, akafariki papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 32.

Sisemi kwamba alizembea, kwa maana alikuwa fundi hodari kuliko wengi. Lakini niliposoma habari hiyo nilikumbuka kosa langu. Mwaka jana nilifunga pampu ya maji ya shule, nikasahau kukaza nati moja. Usiku ule pampu ilijitikisa mpaka bomba likang'oka, na asubuhi wenzangu walikwenda mtoni na ndoo. Fundi hakunikaripia; alinipa spana tu, akasimama kunitazama nikiifunga upya.

Ninyi mliotutangulia shuleni hapa, ambao leo mna motokaa zenu, bila shaka mnalijua jambo hili kuliko mimi. Ile Austin ilimfundisha Bruce kwamba kitu kilichochakaa chaweza kukimbia tena. Kifo chake kimenifundisha mimi kurudi nyuma, kazi ikiisha, na kushika kila nati kwa mkono wangu.